Kufufua Peugeot 504 stesheni wagoni nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanaoniuliza maswali haya ni majirani wa hapa Walukuba, Jinja, Uganda, pamoja na watu wa Tororo, Busia na hata Arua. Hali yao karibu ni moja: mzee aliacha Peugeot 504 ndefu, ya safu tatu za viti, nayo imelala nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Tairi zimekwisha upepo, kuku wanatagia ndani, na wanunuzi wa chuma chakavu hawakomi kupiga hodi. Majibu yangu yanahusu hasa 504 ya petroli, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoifungua na kuifunga, ila mengi yanamfaa pia mwenye Corona, Corolla au Caldina stesheni wagoni.

Jambo moja nitalirudia mpaka likuingie: gari lijue kusimama kabla halijajua kwenda. Rangi ni ya mwisho kabisa.

Nitajuaje kama gari langu linafufulika au ni la kuuzwa kwa kilo?

Usiangalie injini. Injini iliyokwama inafunguliwa, na ikishindikana inatafutwa nyingine. Kinachoua 504 ni kutu ya bodi, maana gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Bodi ikioza mahali inapobeba uzito, hakuna fundi atakayekurudishia gari salama kwa gharama inayoeleweka.

Chukua bisibisi imara, toa mazulia yote, kisha choma kwa nguvu. Anza na vizingiti vya chini ya milango, uende kwenye sakafu ya mbele, halafu pale juu ambapo shokapu za mbele zinashika ndani ya boneti, na mwisho kule nyuma ambako mikono ya ekseli imefungwa kwenye bodi. Bisibisi ikigonga na kurudi, shukuru. Ikizama, zungushia chaki uendelee. Tundu la sakafu lenye ukubwa wa kiganja linachomelewa bila shida. Kutu kwenye maungio ya shokapu au ya ekseli ni jambo zito, mwite fundi bodi aione kabla hujatoa hata shilingi.

Kuna kipimo kingine. Fungua mlango wa mbele, uufunge, usikilize. Kisha inua upande huo kwa jeki, ujaribu tena. Mlango ukianza kugoma au kusugua, vizingiti havina nguvu tena.

Hapa kwetu hakuna chumvi ya barabarani kama kule kwenye theluji, kwa hiyo kutu yetu hutoka juu. Mpira wa kioo cha mbele umekauka, majani ya mwembe yameziba njia za maji chini ya kioo, mvua inashuka hadi chini ya zulia na kukaa humo. Safisha njia hizo siku ya kwanza, hata kama kazi yenyewe utaianza mwaka ujao.

Karatasi za gari zimepotea, au bado ni za marehemu. Nifanye nini?

Shughulikia karatasi kabla ya kununua hata plagi moja. Nimeona watu wakikamilisha gari zuri ambalo haliwezi kukatiwa bima kwa jina lao.

Soma namba ya chesisi na namba ya injini kwenye gari lenyewe, uzilinganishe na logibuku (kitabu cha umiliki wa gari). Magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi, na namba zisipolingana utajieleza mbele ya trafiki kila kizuizi. Usajili wa magari sasa uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Nenda uhakikishe kwamba gari lako limo kwenye mfumo, hasa kama bado lina namba za zamani za herufi tatu na tarakimu tatu, zisizo na herufi mwishoni. Logibuku ikiwa imepotea, anzia polisi upate ripoti, ndipo uombe nakala.

Kama mwenye gari alifariki, gari ni sehemu ya mirathi. Hapo unahitaji ridhaa ya ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha barua za usimamizi kutoka mahakamani, ndipo umiliki uhamishwe. Kaeni kikao cha familia mapema. Gari bovu halina mwenyewe, lakini siku litakaponguruma ndugu wote watakumbuka kwamba lilikuwa la baba.

Kwa nini nisinunue tu gari lililotumika Japani?

Ukihesabu shilingi peke yake, nunua. Sitakudanganya. Corolla ya kawaida itakula petroli kidogo na spea zake zipo kila kona.

Lakini tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, na gari la umri mdogo lina bei yake na ushuru wake. Gari ambalo tayari limo nchini halihusiki na katazo hilo. Tena tafuta gari la Japani la bei ya chini litakalobeba watu saba na magunia mawili ya mahindi kwenye barabara ya murram bila kulalamika. Urefu wa 504 stesheni wagoni kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.9, na ekseli ya nyuma ni nzima, ya chuma, juu ya springi za koili. Ilijengwa kubeba mizigo. Sedani za 504 zilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 ya milango miwili. Ni gari lililothibitishwa kwenye udongo wetu hasa.

Ninahitaji vifaa gani?

Spana za milimita, kuanzia namba 8 hadi 24, bisibisi nzuri, spana ya kufungulia paipu za breki ili usizile pembe nati zake, mita ya kupimia umeme, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukazia), ambayo unaweza kuazima siku ya kufunga hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Nunua pia kavera (mifuko ya plastiki) ndogo nyingi na kalamu: kila kikundi cha nati kiingie kavera yake na jina lake.

Kuna kifaa kimoja ambacho sikubali mtu akose, nacho ni stendi nne za chuma za kuegeshea gari. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Matofali yanapasuka bila onyo, na mawe yanateleza. Uani kwetu ni udongo, na baada ya mvua stendi huzama upande mmoja, kwa hiyo weka ubao mpana na mnene chini ya kila stendi. Kabla ya kuingia chini, sukuma gari kwa bega. Likitikisika, lishushe uanze upya. Na usifanye kazi chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani.

Nianze na nini?

Breki. Wengi huanza na injini kwa sababu mlio wake unafurahisha, halafu jioni hiyohiyo mtu anataka kuzungusha watoto mtaani na gari ambalo pedali yake inashuka hadi sakafuni.

504 stesheni wagoni ina diski mbele na ngoma nyuma. Gari lililolala miaka lina matatizo yale yale: mafuta ya breki yamevuta unyevu wa hewani na kuwa ya kahawia, wili silinda zimekula kutu ndani, na paipu za mpira zimevimba kwa ndani ingawa nje zinaonekana nzima. Paipu ya mpira iliyovimba hupitisha mafuta unapokanyaga na kuyazuia yasirudi, hivyo gurudumu linabaki limekamatwa. Badilisha zote, usichague. Masta silinda na wili silinda zifungue. Ukipitisha ukucha ndani ukahisi vishimo, mpira mpya hautasaidia. Nunua silinda mpya. Paipu za chuma zikague mahali zinapopita karibu na ekseli ya nyuma, kwa kuwa matope hukaa hapo.

Tahadhari kuhusu vumbi. Viatu vya breki na diski za klachi za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu miaka mingi baadaye. Usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Mwagia maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe kitambaa hicho ndani ya kavera iliyofungwa. Watoto wakae mbali siku hiyo.

Nimetoa upepo kwenye breki mara nyingi lakini pedali bado ni laini. Kwa nini?

Swali hili huja sana, na kwa stesheni wagoni jibu mara nyingi liko nyuma. Karibu na ekseli ya nyuma kuna valvu inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu na kuiongeza likiwa na mzigo. Ukiegesha stendi chini ya bodi, ekseli inaning'inia, valvu inadhani gari halina uzito wowote, na mafuta hayapiti vizuri. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe ili springi zibanwe kama gari liko chini.

Kisha fanyeni hivi, watu wawili. Mmoja akae kwenye kiti. Wewe anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Vaa nipeli ya kutolea upepo kipaipu cha plastiki kinachoona ndani, ncha yake nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta safi kidogo ya breki. Sema "kanyaga", aliye juu akanyage polepole na aseme "nimeshika". Legeza nipeli robo mzunguko: utaona vipovu vikitoka na mafuta machafu nyuma yake. Kaza kwanza, ndipo useme "achia". Akiachia kabla hujakaza, upepo unarudi wote. Endeleeni mpaka mafuta yatoke safi bila kipovu hata kimoja, na kila baada ya mikanyago michache mwangalie kopo la masta silinda, maana likikauka mnaanza mwanzo. Tumia mafuta kutoka kopo jipya lililofungwa, DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini ikiingia humo, hata tone, mipira yote inavimba na kazi yote imekwenda.

Halafu rekebisha viatu vya nyuma. Viatu vikiwa mbali na ngoma, pedali itabaki ndefu hata kama hakuna upepo.

Injini imelala miaka. Niiwasheje bila kuiharibu?

Usiunge betri ukapiga stata. Pistoni zimekauka, na ringi zilizoshikwa na kutu zinavunjika.

Mwaga oili ya zamani, badilisha filta, weka mpya, karibu lita 4. Toa plagi zote nne, mimina oili kidogo kila silinda, uache ikae usiku kucha au zaidi. Kesho yake zungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye nati ya puli ya mbele. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, sasa unaweza kutumia stata, plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izimike. Hapo oili imefika inakotakiwa.

Upande wa moto wa plagi, safisha pointi (swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa plagi) kwa msasa laini na uache nafasi ya karibu milimita 0.4, ubadilishe na kondensa kwa kuwa ni rahisi. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2, lakini hapa ndipo wengi waliozoea Toyota hupotea: Peugeot huhesabu silinda namba 1 kutoka upande wa flaiwili, yaani nyuma, karibu na giaboksi. Ukiunga waya ukidhani namba 1 iko mbele, taimingi utakayoiweka haitakuwa ya namba 1.

Petroli itoke kwenye galoni safi lililo nje, si kwenye tangi. Ndoo ya mchanga au kizima moto kiwe karibu. Ikishawaka, iache ipate joto bila kuipandisha mlio, ukiangalia chini kama kuna kinachovuja.

Kuhusu oili, kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulikosea: giaboksi ya 504 hutumia oili ya injini, si oili nzito ya gia. Ile nzito iende kwenye difu tu, yaani gia za ekseli ya nyuma.

Oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Injini imekufa?

Si lazima. Maji yameingia kwenye oili, na kwenye injini hii ya cc 1971 yana njia mbili. Ya kwanza ni hedi gasketi. Ya pili ni slivu. Silinda za 504 si matundu yaliyochongwa ndani ya bloku. Ni slivu zinazotoka, na maji yanazizunguka moja kwa moja. Chini ya kila slivu kuna gasketi nyembamba inayozuia maji yasishuke kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini ikikaa miaka na maji ya bomba bila kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya kupoza injini), gasketi hiyo huoza.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kazi ndogo hugeuka kubwa. Ukishatoa hedi, slivu hazina tena kitu kinachozikandamiza. Ukizungusha krankshafti hata kidogo, pistoni inainua slivu, na gasketi ya chini inaachia. Ulikuja kubadilisha hedi gasketi, umepata na uvujaji wa chini. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, zikandamize slivu kwa boliti, washa pana na vipande vya bati nene. Kama ni slivu zenyewe unazibadilisha, zikishakaa lazima zichomoze kidogo sana juu ya bloku, zote kwa kiasi kinacholingana. Kipimo hicho kimo kwenye kitabu cha ufundi cha gari, na unapima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), si kwa jicho.

Hedi ni ya aluminiamu, na ikichemka hupinda. Ipeleke kwa wenye mashine waipime kabla ya kuirudisha. Jinja wapo, na kwa Kampala ulizia Katwe.

Inachemka nikipanda kwenda Kampala. Wengine wanasema nitoe thamostati (valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto).

Usitoe. Ukiitoa injini itakuwa baridi asubuhi, itakula petroli na oili, na bado itachemka mchana kama shida ni rejeta.

Kumbuka tuko juu. Kampala iko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ukienda Kabale, karibu mita 2,000, ni chini zaidi. Kinachoyazuia yasichemke ni mfuniko wa rejeta unaoshika mgandamizo. Mfuniko uliochoka ni kitu cha bei ndogo kinachoua hedi. Uubadilishe kwanza.

Kisha angalia feni. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika maji yakipata moto na kuiachia yakipoa. Waya wake ukikatika, au kaboni yake ikiisha, feni inazunguka kivivu na gari linachemka kwenye foleni ya Mukono huku barabara ya Mabira lilikwenda vizuri. Hiyo ndiyo dalili yake. Mafundi wengi huikaza moja kwa moja ili izunguke daima, na kwa mazingira yetu siwalaumu, ingawa napenda zaidi sumaku itengenezwe.

Weka kulanti iliyochanganywa na maji safi. Aluminiamu ya hedi na chuma cha bloku vikikaa pamoja ndani ya maji matupu hulana.

Petroli ya siku hizi haina risasi. Itaharibu valvu?

Uganda na nchi nyingine za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na 504 zimeendelea kutembea tangu hapo. Hedi ya aluminiamu ina viti vya valvu vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Pima nafasi za valvu kila unapofanya sevisi; zikiwa zinapungua haraka, hapo ndipo kuna shida.

Tangi limejaa uchafu na kutu. Linachomelewa?

Hapana. Tangi lililowahi kuwa na petroli halisogezwi karibu na moto wala cheche, hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke uliobaki unatosha kuua. Litoe, mwaga mabaki, tia maji ya moto yenye sabuni na nyororo fupi, litikise, suuza, lianike. Likiwa limetoboka, tafuta jingine. Weka filta mpya kabla ya kabureta na uiangalie kila wiki mwanzoni.

Yangu ni dizeli. Je?

Breki, bodi na tairi ni vilevile. Injini yenyewe haina pointi wala koili, ila inataka plagi za kupashia joto zilizo nzima, na upepo utolewe kwenye njia ya dizeli kabla ya kuwasha. Pampu ikivuja au ikiwa nzito, mpelekee mtaalamu wa pampu. Usiifungue uani kwenye vumbi.

Spea napata wapi?

Kampala, anza kwa kuulizia Kisekka, hata kama wafanyabiashara wake wamehamahama. Nenda na kile kipande cha zamani mkononi, maneno hayatoshi. Nairobi, eneo la Kirinyaga Road, ndiko naona bado kuna hazina ya vitu vya Peugeot, kwa kuwa 504 ziliunganishwa Mombasa kwa miaka mingi. Ukiagiza kwa basi kupitia Busia au Malaba, omba risiti na utangaze mzigo forodhani.

504 pikapu ni rafiki yako: injini, giaboksi na vitu vingi vya mbele vinaingiliana. Lakini nyuma pikapu ina springi za mapapi, kwa hiyo usinunue huko springi wala ekseli. Baadhi ya 505 pia zilitumia injini hiyohiyo ya cc 1971.

Mtumba unafaa kwa milango, vioo, taa, viti, alteneta na hata giaboksi. Haufai kwa kitu chochote cha breki, bolijointi, tairodi endi, wala tairi. Hapo sina mjadala.

Tairi zinaonekana bado zina meno. Nizitumie?

Meno si umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa chini ya gari miaka kumi imekauka ndani, na itapasuka siku umepakia familia. Stesheni wagoni hutumia 185R14, na iwe ya kubeba mzigo, si ile laini ya sedani yenye upana huohuo. Tairi ya akiba hukaa chini kwa nyuma, ikila matope. Ishushe, uisafishe, upake grisi nyororo au boliti inayoishikilia, usije ukakwama nayo usiku Lugazi.

Umeme?

Waya za ardhi ndizo hudanganya watu. Kabla ya kubadilisha taa au stata, fungua kila mahali waya inaposhika bodi, piga msasa mpaka ing'ae, kaza, paka grisi. Betri ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6, na injini ikinguruma kati ya 13.8 na 14.4. Indiketa, taa za breki na waipa zifanye kazi zote. Panya wamekula waya? Usizifunge kwa solotepu. Kata, unga, funika vizuri, na kila njia iwe na fyuzi yake.

Safu ya tatu ya viti haina mikanda. Ni lazima?

Kwangu ndiyo, hata kama trafiki hataangalia huko nyuma. Safu ile ndiyo watoto wanaipigania, na ndiyo iliyo karibu zaidi na bampa la nyuma. Mkanda haufungwi kwa skrubu kwenye bati la sakafu: unahitaji sahani nene ya chuma upande wa chini, yenye upana wa kiganja, na boliti ngumu za mikanda hasa. Zile nati za duka la vifaa vya ujenzi zitakatika. Kama bado hujaweza kufunga mikanda hiyo, kunja viti, ubebe mizigo, na watoto wakae safu ya katikati wakiwa wamefungwa.

Nunua na laifseva mbili (pembetatu za kung'aa za kuweka barabarani gari likiharibika) na kizima moto, viwe ndani ya gari daima.

Naweza kulipaka rangi mwenyewe?

Kazi ya kupiga msasa na kutibu kutu, ndiyo. Fila (ute wa kuziba mabonde ya bati) isizidi milimita chache. Kutu iliyofunikwa kwa fila hurudi baada ya msimu mmoja wa mvua. Rangi za kisasa zenye hadna (dawa ya kugandisha rangi) zinahitaji kinyago maalumu cha kemikali, kwa sababu mvuke wa hadna unaweza kukuletea pumu ya maisha. Kitambaa puani hakizuii kitu. Mpe fundi aliye na chumba na vifaa. Ukibadilisha rangi ya gari, peleka taarifa kwa msajili ili logibuku ilingane.

Nikilimaliza, naweza kulifanya speso (teksi ya kukodi)?

Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni yake na bima yake, tofauti na za gari la nyumbani. Bima ya gari binafsi haitamlipa abiria wa kulipa.

Nalijaribuje barabarani kwa mara ya kwanza?

Bima ya mtu wa tatu iwepo kabla gurudumu halijagusa barabara ya umma. Ni sheria, na gari lisilojaribiwa ndilo linaloihitaji zaidi. Kabla ya hapo jaribu ndani ya ua au kwenye kiwanja kilichozungushiwa uzio: gia ya kwanza, kanyaga breki, angalia kama linavuta upande. Vuta handibreki kwenye mteremko.

Siku ya kwanza zunguka karibu na nyumbani asubuhi mapema, kabla boda boda hazijajaa. Mwendo wa polepole, madirisha wazi, redio imezimwa. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu. Baada ya kilomita 500 mwaga oili, maana imeosha uchafu wa miaka, na kama ulifungua hedi fuata kitabu kuhusu kuikaza upya.

Kila ukirudi kwenye safari hizo za mwanzo, zunguka gari usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Zote nne ziwe na joto linalolingana, za mbele zikizidi kidogo. Moja ikiwa ya moto sana kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki yake haiachii. Ifungue kesho asubuhi, na safari ya Kampala isubiri.